Dawa Iliyopanda Uchagani

Nyote mmekwisha kulinusa sanduku langu. Tangu nirudi na kuliweka kwenye baraza ya nyumba yetu ya wauguzi hapa Msambweni, kila anayepita hukunja pua, kisha huuliza. Upande mmoja linanuka moshi, upande mwingine samaki, na mimi mwenyewe, mnasema, nimerudi kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi mtamu. Basi kaeni niwasimulie mara moja, maana nimechoka kukatwa vipande vipande jikoni kila mmoja akitaka kipande chake. Mambo ya ruhusa na mihuri nayaacha, hayana utamu.

Mnajua nilitumwa nini. Ugonjwa wa kupooza watoto ulikuwa umeonekana bara huko, Udurumani, ng'ambo ya Kinango, na dawa ya matone ilikuwa imetufikia. Tone juu ya kipande cha sukari, mtoto anaramba, basi. Hakuna sindano, hakuna kilio. Shida yake ni moja tu: dawa ile hufa kwa joto. Ikipata joto inabaki maji yasiyo na kazi, na kwa macho huwezi kuitofautisha na iliyo hai. Kwa hiyo tulichukua nusu ya chupa zilizokuwa kwenye friji letu la mafuta ya taa, nusu tukaiacha, nikapewa Landrova na dereva, ami Hamisi, ambaye nyote mnamjua kwa maneno yake na kwa kofia yake isiyovuliwa hata mvua ikinyesha.

Msambweni hadi Diani

Tulianza safari ya kwenda bara kwa kuelekea kaskazini, kando ya bahari. Ami Hamisi alicheka sana kwa hilo. "Sista Mishi," akaniambia, "mtu akitaka kwenda jikoni hapitii mlango wa jirani." Lakini friji letu hupoza tu, barafu hatuna, na hoteli ya pale Diani, wanakolala Wazungu wa likizo, inayo. Hapakuwa na mahali pengine.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri mno, ya kumfanya mtu asahau kazi. Barabara ilikuwa nyekundu na laini baada ya umande, minazi imesimama kimya pande zote mbili, na moshi wa majiko ya asubuhi umelala chini chini juu ya mashamba. Nilikuwa nimekesha zamu, nikawa nasinzia na kuzinduka, na kila nilipozinduka niliona minazi ile ile, nikadhani hatujaondoka.

Hotelini tulizungushwa nyuma, mlango wa jikoni. Mpishi mkubwa ni mtu wa Vanga, aitwaye Kombo, mnene, mpole, ana sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza haja yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza harusi ni ya nani.

"Si harusi, baba. Ni dawa ya watoto."

"Dawa ya watoto inayonywewa na barafu?"

"Dawa inalala kwenye barafu. Watoto hawainywi barafu."

Akatafakari. Alinipa kahawa na mkate wa mayai uliobaki kwenye meza za wageni, akanitazama nikila, na mwishowe akasema barafu ya vinywaji vya Wazungu hana ruhusa kuigusa, inatolewa kwa funguo. Lakini barafu ya samaki ni yake mwenyewe, na hakuna wa kumuuliza. Akafunua kasha kubwa la zege, akawasukuma changu na tasi pembeni kwa heshima kama anayeomba njia msikitini, akatubanjia mapande makubwa.

Nikapanga mwenyewe: chupa ndani ya kopo la bati, kopo ndani ya barafu, barafu ndani ya unga wa mbao, vyote ndani ya sanduku. Kombo akasimama akiangalia. "Ukirudi na haja nyingine kama hii," akasema, "usije na maneno mengi. Sema Kombo, barafu."

Waa, na wateja wasioalikwa

Tulisimama Waa kwa sababu ami Hamisi hawezi kuipita Waa bila kula muhogo wa nazi. Ana mama mmoja pale anayemwuzia kando ya njia, nao wana matani ya miaka. Nikasema sawa, tule upesi. Mimi nilibaki garini, kichwa nimekiegemeza kwenye sanduku, maana lilikuwa na ubaridi mtamu, nikafumba macho.

Nilipoyafumbua nilikuwa nimezungukwa. Akina mama na vikapu, mzee na kamba ya ukindu ya kufungia, msichana ameshika sahani. Maji yalikuwa yakidondoka nyuma ya gari, na yalinuka changu.

"Mwanangu, hawa ni wa leo au wa jana?" mama mmoja akauliza.

Nikasema sina samaki. Wakatazamana kwa huruma, kama watu wanaoona mchuuzi anayewapandishia wenzake bei. Nikafungua mfuniko kuwaonyesha. Wakachungulia wakaona barafu na kopo, na yule mzee akasema kwa adabu nyingi kwamba samaki wa kopo yeye hawawezi, wanamtia kiungulia. Ami Hamisi alikuwa akitazama yote haya muhogo mdomoni, hakunisaidia hata kwa neno. Tulipoondoka alicheka mpaka kwenye kona ya kupandia milima.

Kupanda Kwale, kushuka Kinango

Kutoka pale barabara inaacha pwani na kupanda. Unapanda na hewa inabadilika shingoni, bahari inabaki nyuma yako kama kitambaa kilichoanikwa, halafu haionekani tena. Tulilala Kwale kwa jamaa ya ami Hamisi, na sanduku tuliliweka kwenye sakafu ya saruji, kwenye upepo wa mlango. Alfajiri niligusa barafu, ilikuwa imepungua lakini ilikuwa bado na nguvu.

Tuliondoka na ukungu. Wale mliozaliwa huku chini hamjui ukungu wa Shimba ulivyo. Miti inakuja karibu na gari, inatazama, inarudi. Hakuna sauti. Ami Hamisi mwenyewe alinyamaza, jambo nisilowahi kuliona. Kisha akasimamisha gari taratibu, na mbele yetu barabarani walikuwa wamesimama palahala, wale swala wakubwa, weusi, pembe zimepinda kurudi mgongoni. Walikuwa hawali wala hawaendi popote, wamesimama tu.

"Piga honi, ami," nikanong'ona.

"Siwapigii honi hawa."

"Barafu inayeyuka."

"Iyeyuke kidogo. Hawa wako kwao."

Tukangoja. Sijui ni muda gani, na sikutaka kujua. Nakumbuka nilifikiri kwamba nchi hii tunaambiwa sasa ni yetu, bendera yake mpya nimeiona ikipandishwa kwa macho yangu, na mimi niliyezaliwa Bodo, mwendo wa siku mbili tu kwa miguu, sikujua kama kuna mahali kama hapa. Walipoamua kuondoka waliondoka mmoja mmoja, na ukungu ukawafunika.

Kushuka upande wa Kinango ni kama kutoka chumba kimoja na kuingia kingine. Ukungu unakatika, jua linakudaka usoni, minazi imekwisha. Ni miiba, mchanga mwekundu, na ng'ombe waliokonda wanaotembea kwa kuhesabu hatua. Mvua ilikuwa imewakosa. Kinango tulikunywa chai ya rangi kwa muuza duka, akatuambia lambo limekauka na wanawake wanachimba maji kwenye mchanga wa mto. Akatutazama mimi na ami Hamisi, akauliza askari wetu wako wapi. Zamani, akasema, kila chanjo ilikuja na askari. Nikamwambia safari hii hakuna. Akatikisa kichwa kwa wasiwasi, kama aliyesikia tunakwenda bila maji ya akiba.

Kwa Mama Nyamvula

Tulifika kabla ya adhuhuri. Mji wenyewe ni nyumba chache za nyasi za ukoo mmoja zilizozunguka zizi, na mwenye mji ni mjane, Mama Nyamvula, mrefu, mkavu, amevaa hando la marinda yanayocheza akitembea. Ndiye aliyekuwa ametuma neno huku na huko kwamba watoto waletwe. Alitupokea kwa mikono miwili. Kiduruma chake na Kidigo changu vilisikilizana kama ndugu wa baba mmoja, na tulipokwama tulipita kwenye Kiswahili. Akina mama, akasema, watafika jua likianza kuinama, wakisharudi kuteka maji. Tupumzike.

Lakini kulikuwa na mzazi nyumba ya mwisho, amejifungua juzi, ana homa. Nikaitwa nikaenda na mkoba wangu. Sanduku nikamwachia ami Hamisi, naye akalikabidhi kwa wenyeji, maana kwa watu wale mgeni halindi mzigo wake mwenyewe, ni kuwatukana. Akawaambia, na ni maneno ambayo ningeyasema hata mimi: "Hii ni dawa ya watoto. Iwekeni mahali pa salama." Kisha akalala chini ya Landrova, kofia usoni.

Kwa mzazi nilikaa muda mrefu. Niliporudi nililetewa maji ya kunawa, machache sana, kwenye kata ya kifuu, na ugali wa moto na mchunga, ile mboga chungu ya porini, na maziwa ya mgando ya mwisho ya mji mzima. Nilikula nyumbani kwa Mama Nyamvula, kwenye kigoda karibu na moto. Ndani mlikuwa na giza la upole, miale ya jua inapenya kwenye nyasi, moshi unapanda polepole na kujikunja juu. Nilishiba. Niliusifu ugali ule, nikasema moto wake ni mzuri, umeiva mpaka ndani, na Mama Nyamvula akafurahi.

Nikauliza sanduku liko wapi. Akatabasamu kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa, akaonyesha juu kwa kidevu.

Kila nyumba ya kwetu na ya kwao ina uchaga, dari ya fito juu ya jiko. Hapo ndipo mbegu ya mahindi inapokaa mwaka mzima, inakula moshi ili isiliwe na wadudu. Watu watakula majani na mizizi, mbegu haiguswi. Nyanya yangu kule Bodo alikuwa nao, na mtoto aliyepanda uchagani alikiona cha mtema kuni. Sasa juu pale, katikati ya mahindi yaliyofungwa mafungu mafungu, lilikuwa sanduku langu limefunuliwa, na chupa zangu zimetungikwa kwa nyuzi, zimepakwa moshi.

"Lilikuwa limelowa, mwanangu," akasema Mama Nyamvula. "Nililipokea maji yanachuruzika. Nikasema, maskini, dawa yao imenyeshewa huko walikotoka, itaoza. Nikafungua, nikayamwaga yale maji na mawe yake, mbuzi wakanywa. Hizi chupa nikazifuta na nguo yangu, moja moja, nikaziweka na mbegu. Sasa tazama, zimekauka vizuri."

Ndugu zangu! Ugali nilioula ulikuwa umepikwa kwenye moto ule. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na sikuweza lolote, kwa sababu nje nilikuwa nasikia sauti za watoto.

Nikatoka nikamwamsha ami Hamisi. Akaelewa mara moja. Tulisimama nyuma ya gari tukiwatazama wanaokuja, wanawake wenye vumbi mpaka magotini, watoto mgongoni, watoto mkononi. Mmoja, msichana bado, jina lake nilikuja kulijua ni Mbodze, alikuwa na mtoto mchanga kifuani, na nyuma yake akitambaa kwenye mchanga, kwa mikono, mwanawe mkubwa, mvulana wa kimo cha kutembea. Miguu yake ilimfuata tu. Mwaka jana, nilielezwa baadaye, alikuwa akichunga mbuzi.

"Wape," akasema ami Hamisi chini chini. "Sukari na yale matone. Nani atajua? Watafurahi, watarudi makwao, na huyu mama hatafedheheka. Ukisema kweli, atakuwa mwanamke aliyepika dawa ya watoto mpaka aingie kaburini."

"Wakiramba leo hawatarudi tena, ami. Watadhani wamekwisha kupata."

"Najua," akasema. "Nimesema tu."

Nami nilikuwa nimekwisha kufikiri hivyo hivyo kabla yake. Nilisogea mbele ya wale mama. Nilikuwa nimeamua kusema dawa imeharibika njiani, na kweli njia ilikuwa ndefu, na uongo huo ungewasitiri wote. Nikaanza, "Dawa tuliyowaletea..." na hapo Mama Nyamvula akapita mbele yangu. Alikuwa ameusoma uso wangu mle ndani.

"Dawa nimeiharibu mimi," akasema. "Niliikausha uchagani. Kumbe haitaki moto."

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali. Watoto waliokwisha kuiona sukari mkononi mwa ami Hamisi wakaanza kulia, na mama zao hawakuwanyamazisha. Mbodze ndiye aliyezungumza kwanza.

"Mtarudi?"

"Tutarudi."

"Waliosema watarudi ni wengi."

"Siku ya soko la Kinango," nikasema. "Soko linalokuja, si jingine."

Mama Nyamvula hakuwa akimtazama mtu. "Haitaki moto," akasema. "Inataka nini?"

Nikamweleza. Inataka baridi. Barafu ikiisha, inataka kivuli na upepo, na magunia yaliyoloweshwa maji, yakikauka yaloweshwe tena, bila kukoma. Niliposema maji, baadhi ya wanawake walicheka, kicheko kisicho na furaha. Mama Nyamvula hakucheka. Aliuliza magunia mangapi.

Kurudi tulikotoka

Njia ya kurudi siikumbuki vizuri. Nilikaa na sanduku tupu miguuni, linanuka moshi, na kila nilipofumba macho nilimwona yule mvulana akitambaa. Shimba tuliipita mchana, hapakuwa na ukungu wala palahala, miti tu. Waa ami Hamisi hakusimama. Nilimwambia kama anataka muhogo asimame, akasema hana njaa, na hapo nikajua amehuzunika kweli.

Mlituona tukifika, mkatuuliza, tukawajibu kwa mkato. Sasa mnajua kwa nini. Tulichukua ile nusu ya pili. Baada ya hiyo hapakuwa na nyingine, mpaka meli nyingine.

Diani, Kombo alikuwa akipaka samaki pilipili. Nikasimama mlangoni.

"Kombo, barafu," nikasema.

Akanawa mikono. Hakuuliza harusi ni ya nani.

Kinango tena, na vumbi lililokatika

Safari hii kila kitu kilikwenda upesi mpaka tulipoipita Kinango. Barafu ilikuwa bado nzuri. Siku ilikuwa ya soko, tulipishana na watu wenye mbuzi na vikapu, wakatupungia. Mchanga ulikuwa umezidi kulegea, Landrova ikawa inanguruma na kuzama na kujikwamua. Kisha moshi mweupe ukatoka mbele, ami Hamisi akazima injini, na kimya cha bara kikatuangukia.

Rejeta ilikuwa imekunywa maji yote. Debe letu la akiba lilikuwa limetoboka, sijui tangu lini, lina unyevu tu ndani. Ami Hamisi alilitikisa sikioni, akaliweka chini. Halafu nikaona macho yake yanakwenda kwenye sanduku.

"Hapana," nikasema.

"Sijasema kitu."

"Umetazama."

"Sista, kwa barafu hiyo gari linafika. Bila barafu hiyo tunabaki hapa na dawa inakufa nasi tunaitazama."

"Na kwa barafu hiyo gari linafika likiwa na dawa iliyokufa."

Alikuwa na haki na mimi nilikuwa na haki, na jua halikumsikiliza yeyote. Tukalishusha sanduku, tukapitisha mti kwenye kamba zake, yeye mbele mimi nyuma, tukaanza kutembea. Sanduku la barafu ni zito kwa namna yake, linabembea na kukuvuta upande. Tulitua, tukabeba, tukatua. Maji yalinidondokea miguuni na kukauka kabla sijapiga hatua nyingine. Miti ya mbali ilikuwa ikielea juu ya ardhi. Nilianza kuona mambo, niliona minazi ya Bodo, nilimwona nyanya yangu akishuka uchagani. Na nilipowaona wanawake wanakuja katika msururu, mitungi na madebe kichwani, nilidhani nao ni wa joto lile lile.

Lakini ami Hamisi aliwaona pia. Akatua mti.

Mama Nyamvula alikuwa mbele, na nyuma yake Mbodze, mtoto mgongoni, debe kichwani. "Tulikuwa tunalitazama vumbi lenu kutoka kilimani," Mama Nyamvula akasema. "Likakatika. Nikasema, wamekwama, twendeni."

Hakungoja nijibu. Magunia walikuwa nayo. Wakalifunika sanduku, wakatia maji, na maji yale yakapita kwenye gunia na kuingia mchangani, na mchanga ukayanywa. Kisha wakalibeba wao, wawili wawili, wakibadilishana bila kuambiana, na kila tulipofika kwenye kivuli mmoja alitua mtungi wake akamwaga. Nilijua maji yale yametoka wapi. Yanachotwa kwa kifuu, kwenye shimo la mchanga, mtu anangoja yajae ndipo achote tena. Nilimwona Mbodze akimimina debe lake zima, taratibu, pembe zote nne, kama anayemwogesha mtoto. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Hakuonja hata tone.

Nilimwambia ami Hamisi aombe kidogo kwa ajili ya gari. Akanitazama kama nimemtukana.

Chai

Walikuwa wote pale, watoto wa mji na wa ng'ambo ya kilima. Niliingiza mkono kwenye sanduku nikaogopa kugusa, kisha nikagusa. Kopo lilikuwa limelala kwenye barafu. Kulikuwa na barafu bado, ndugu zangu. Nililia mbele ya watu, na sikuona haya.

Tulifanya kazi mpaka jua likaanguka nyuma ya miiba. Tone, sukari, mdomo. Tone, sukari, mdomo. Wengine walitoa ulimi tena wakitaka kurudia. Mtoto wa Mbodze alikuwa mchanga mno kwa kipande, nikamwekea sukari iliyoyeyushwa kwa tone ncha ya kijiko, akakunja uso kisha akaunyoosha. Yule kaka yake nilimpa pia. Kwa miguu yake dawa haikuwa na msaada tena, na Mbodze alijua hivyo, nilimwambia waziwazi. Lakini wenzake wote walikuwa wamepanga mstari, naye alikuwa ametambaa akaushika mstari.

Tulipomaliza koo langu lilikuwa limekauka kabisa. Nikaomba maji ya kunywa.

Wakatazamana. Mama Nyamvula akainamisha mtungi uliokuwa mlangoni kunionyesha, kisha wa pili. "Yamekwisha, mwanangu," akasema bila haya wala malalamiko. "Tutakwenda tena alfajiri. Leo dawa imekunywa."

Mji mzima, na watoto, na mzazi wa nyumba ya mwisho. Nikazunguka, nikaona pale lilipo sanduku langu, na ndani yake barafu isiyo na kazi tena na maji yake. Nikamwita Mama Nyamvula nikamwonyesha. Nikasema maji haya yachemshwe kwanza, yachemke sana, na nina sukari iliyobaki, na ami Hamisi hakosi majani ya chai mfukoni.

Akalishika sanduku kwa ncha za vidole. Akatazama moto, akatazama uchaga, akanitazama mimi.

"Leo moto unaruhusiwa?"

"Leo unaruhusiwa, mama."

Basi barafu ya Diani ikaingia sufuriani, juu ya moto ule ule, chini ya mbegu zile zile. Walikusanyika kuitazama ikizama na kupotea. Chai ikazunguka kwenye vifuu, watoto kwanza, kisha mzazi, kisha akina mama waliobeba, na sisi wageni tulilazimishwa kunywa kabla ya mwenye mji, maana wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mama Nyamvula alikunywa wa mwisho. Alinusa kwanza. Akanywa funda moja, akalishika mdomoni, akameza polepole, akalikunja paji la uso.

"Mishi, mwanangu. Haya ndiyo maji ya huko kwenu?"

"Ndiyo, mama."

"Yananuka samaki."

"Yananuka, mama."

"Na mnayanywa hivi hivi, siku zote?"

Ningeweza kumweleza habari za Kombo na kasha lake. Lakini alikuwa amenishika mkono, na macho yake yalikuwa yamejaa huruma ya kweli, huruma ya mtu anayewasikitikia watu wa mbali kwa taabu yao.

"Poleni," akasema. "Poleni sana."

Nikamwambia tumekwisha kupoa.